Jinsi nilivyoacha kukosea mililita za gentamaisini

Nikiwa mafunzo kwa vitendo wodi ya watoto hapa Mwanza, hesabu za dozi zilinitoa jasho. Mtoto wa kilo 8 aliandikiwa gentamaisini, dawa ya sindano ya kuua bakteria, miligramu 60 kwa siku, yaani 7.5 kwa kila kilo. Nikagawa 60 kwa 80 niliyoiona kwenye kichupa, nikapata 0.75, nikaanza kuvuta mililita 0.75. Sista tuliyekuwa tukihakiki naye akanizuia: “Mdogo wangu, hebu soma kichupa.” Kimeandikwa 80 mg/2 ml. Nusura nimpe mtoto nusu ya dozi!

Kilichonikwamua ni dagaa. Mama anauza dagaa soko la Mwaloni, Kirumba. Tuseme sado mbili ni elfu nane, mteja ana elfu sita: mama hashiki kalamu, anapima sado moja na nusu. Basi ndiyo hiyo hiyo, mililita 1.5.

Siku hizi sigusi bomba la sindano kabla sijaandika miligramu ngapi zimo kwenye mililita ngapi. Halafu nakisia: 60 imezidi nusu ya 80, kwa hiyo jibu lazima lizidi mililita 1. Mwenzangu naye anakokotoa upya bila kuchungulia karatasi yangu. Jina la mtoto, njia ya kumpa dawa na saa nahakiki pia, ila hivyo havikuwahi kunisumbua.