Siku ya Mbadilisha Misimbo ya Nimonia, Mwanza

Saa 1:30 asubuhi. Daladala kutoka Buzuruga imeshiba. Ukimwambia jirani wa kiti kwamba kazi yako ni kubadilisha misimbo ya magonjwa, atakuitikia kwa heshima: "Aa, mambo ya kuchapa." Basi, acha iwe kuchapa mpaka ushuke.

Kazi yenyewe ni hii. Hospitali za Marekani zilikuwa zikiandika magonjwa kwa ICD-9-CM, mfumo wa kuupa kila ugonjwa msimbo wake, hadi tarehe 30 Septemba 2015, na kesho yake zikahamia mfumo mpya, ICD-10-CM. Watafiti wanaotaka kufuatilia nimonia ya bakteria kwa miaka mingi wanakuta rekodi zao zinaongea lugha mbili. Rekodi za zamani, majina ya wagonjwa yakiwa yameshaondolewa, ndizo zinazotua mezani kwetu hapa mjini kati.

Saa 2. Faili halifunguliwi kwa kubofya mara mbili. Excel ikiona 482.0 inaona namba, inaikata kuwa 482. 482.30 inabaki 482.3, na 482.40 inakuwa 482.4. Hakuna hata mmoja kati ya hiyo mitatu ulio msimbo kamili. Safu zote za utambuzi lazima ziingizwe kama maandishi tangu mwanzo. Faili likija limeshakatwa, usijifanye fundi wa kuongeza sufuri: 482 inaweza kuwa 482.0 iliyokatwa, au karani wa kule aliishia katikati. Omba faili asilia.

Saa 3 hadi saa 6 ni mteremko. Bakteria Klebsiella, msimbo wa zamani 482.0, inakwenda msimbo mpya J15.0, Pseudomonas 482.1 inakwenda J15.1, E. koli 482.82 inakwenda J15.5, na bakteria asiyetajwa 482.9 inakwenda J15.9. Wanaohama ukoo ndio wa kuangaliwa. Nimokoka, 481, inakwenda J13. Haemophilus influenzae, 482.2, inakwenda J14. Mtafiti akichuja J15 peke yake atakuwa amemtupa nimokoka, ambaye ndiye bakteria anayeongoza kuleta nimonia. Legionella, 482.84, anatoka kabisa kwenye sura ya magonjwa ya upumuaji na kuangukia A48.1, wakati Mycoplasma, 483.0, aliyekuwa nje ya kundi, anaingizwa ndani kama J15.7. Na 486, nimonia isiyojulikana kimelea, ni J18.9. Kuipeleka J15.9 ni kumpa mgonjwa bakteria ambaye daktari hakumwandika.

Majedwali ya ulinganisho nayo yanazeeka. Ya zamani yatakuambia 482.83 ni J15.6, lakini tangu tarehe 1 Oktoba 2023 msimbo huo umegawanywa: J15.61 kwa Acinetobacter baumannii na J15.69 kwa bakteria wengine wa kundi la gramu hasi. Ukiacha J15.6 tupu, mfumo wa mteja unaikataa.

Saa 7 umeme unakatika. Ugali na sato kwa mama lishe, laptopu zinamalizia chaji, bando la simu linakuwa intaneti ya ofisi nzima.

Saa 10 jioni, watu wa ofisi jirani wanafunga milango. New York ndiyo kwanza saa 3 asubuhi, mteja ameamka na kahawa yake. Anataka jedwali la safu mbili tu, msimbo wa zamani na msimbo mpya, "liwe rahisi."

Haliwezi kuwa rahisi, na sababu ni 482.41. Kabla ya tarehe 1 Oktoba 2008 msimbo huo ulimaanisha nimonia ya bakteria Staphylococcus aureus, awe anasikia methisilini, yaani antibiotiki hiyo inamuua, au ni sugu. Usugu ulionyeshwa kwa msimbo wa pembeni, V09.0. Siku hiyo 482.42 ikazaliwa kwa ajili ya sugu, na 482.41 ikabaki ya anayesikia dawa. Kwa hiyo tarakimu zilezile zina maana mbili, na kinachoamua ni tarehe ya kuruhusiwa kutoka wodini. Tarehe ya kulazwa haihusiki.

Tunamwandikia hivyo. Anajibu kwamba kwenye jedwali lake 482.41 ni J15.211, basi. Na jedwali halikosei, maana J15.211 inapokea anayesikia methisilini na pia aureus ambaye usugu wake haukutajwa. Tatizo ni swali lake yeye: anahesabu usugu. Akizimwaga zote J15.211, wagonjwa sugu wa 2006 watahesabiwa kuwa walisikia dawa, halafu 2009 itaonekana kama usugu umeruka ghafla.

Kijana wetu wa mafunzo anauliza, "Dada, si tuweke alichotaka twende nyumbani?" Hapana, mdogo wangu. Jina lake ndilo litakaa kwenye ripoti, lakini hesabu ni yetu.

Giza limeshaingia, mbu nao wameingia. Kinachofanyika ni kupekua safu zote za utambuzi wa ziada, ya pili hadi ya mwisho, kutafuta V09.0. Ipekue na kama V090 pia, maana mafaili mengi hayaweki nukta. Mstari wenye 482.41 pamoja na V09.0 kabla ya Oktoba 2008 unakuwa J15.212. Usio na V09.0 unabaki J15.211, ila kwenye safu mpya unawekewa alama ya "usugu haukutajwa". Baada ya tarehe hiyo, 482.41 ni J15.211 bila alama na 482.42 ni J15.212. Msimbo wa zamani haufutwi kamwe, unakaa kando ya mpya. Mwisho unajumlisha mistari: iliyoingia na iliyotoka lazima ilingane.

Mteja anarudi tena, macho yetu yakiwa yameshawaka moto. Safari hii ameelewa, anashukuru, na anauliza kama tunaweza kumgawia zile J18.9 "kwa kukadiria kimelea" kutokana na dawa alizopewa mgonjwa. Jibu limetumwa kwa sentensi mbili: hiyo si kazi ya kubadilisha misimbo, na akimpata mtakwimu wa kuifanya, tutampa safu za dawa zikiwa zimesafishwa, kwa bei yake.