Tafu la kushoto na jiwe la mlangoni

Siku waliponikata plasta sikuutambua mguu wangu. Wiki sita zilikuwa zimepita tangu moto, yaani pikipiki ya abiria, iniangushe karibu na mtaa wa Majengo, na tafu la kushoto lilining'inia kama soksi iliyolegea. Nikaazima utepe wa jirani yetu fundi cherehani: kulia sentimita 37, kushoto 33. Napima vidole vinne chini ya goti, kila mara palepale, maana ukishusha utepe kidogo tu hesabu inageuka.

Kine wangu, yaani mtaalamu wa tiba ya viungo, mama mpole asiyependa uvivu, alinipa zoezi moja: simama kwenye ukingo, inua visigino, kisha shusha. "Papa, kushuka polepole. Dawa iko hapo." Hapa Goma ukingo hautafutwi. Mlangoni pangu kuna koro, jiwe la volkano ambalo tunalikanyaga kuingia ndani. Nikawa nakanyaga kwa sehemu ya mbele ya nyayo, visigino hewani, mkono kwenye mbao za ukuta.

Mwezi wa kwanza ulienda vizuri. Halafu kijana mmoja anayenyanyua vyuma akaniambia nigeuze vidole ndani, eti tafu litapanuka haraka. Niligeuza mpaka mwisho. Kifundo kikalala, uzito wote ukaangukia kidole kidogo, na baada ya siku tatu goti likaanza kuniuma. Nikaacha kila kitu wiki nzima, nimenuna.

Kine alicheka, kisha akachukua vidole vyangu akaviweka kwenye tafu langu mwenyewe. Akanieleza kwamba msuli wa juu una vichwa viwili, cha ndani na cha nje. Vyote vinaanzia juu ya goti na kuishia kwenye kano la kisigino. "Sasa elekeza vidole vya mguu nje kidogo, inuka." Nikasikia upande wa ndani unakaza kama kamba. Nikavielekeza ndani kidogo, upande wa nje ukajibu. Tofauti ilikuwa ndogo, lakini ilikuwepo. Kosa langu lilikuwa kupinda kifundo na goti. Mguu unageukia nyongani, goti linafuata vidole, na kidole gumba hakibanduki kwenye jiwe. Baadaye nilisoma utafiti wa 2020 juu ya vijana waliofanya mazoezi hayo wiki 9: waliogeuza vidole nje walikuza zaidi kichwa cha ndani, waliogeuza ndani wakakuza cha nje.

Ila chini ya huo kuna msuli mwingine mpana, soleasi, ambao haupiti kwenye goti. Huo kugeuza vidole hakuusaidii sana. Unaupata ukikunja goti, kwa sababu hapo ule wa juu unalegea na kuuachia kazi. Basi nilikaa kwenye kiti kifupi, bidoni la maji la lita 20 juu ya paja karibu na goti, nikainua kisigino mara kumi na tano. Mama watoto akihitaji maji ya kupikia, zoezi limekwisha.

Jirani yangu wa chukudu, kile chombo cha mbao cha kubebea mizigo ambacho mtu hupiga goti moja juu yake na kusukuma kwa mguu mwingine, alikuwa akipita ananitazama. "Yaya, acha hilo jiwe, njoo usukume chukudu yangu mpaka Kibati, utapona kesho." Nikampima na yeye. Mguu anaosukumia ulizidi ule anaoupigia goti kwa sentimita moja na nusu, akaenda anautazama.

Sasa ni mwezi wa tano. Nafanya seti mbili vidole vikielekea mbele, moja vidole vikiwa nje kidogo, kwa kuwa kwangu upande wa ndani ndio ulionyauka zaidi, kisha bidoni. Vidole ndani nimeviacha. Goti langu halivipendi. Utepe unasema 36. Fundi cherehani ameudai mara tatu, nami namjibu imebaki sentimita moja.