Miche 53 Ilitufia Kabla Hatujaujua Udongo wa Bustani Yetu

Anayekaa leo chini ya miti ya bustani ya mtaa wetu haamini nikimwambia kwamba miche ya kwanza ilikufa karibu yote. Tulipanda 60 kwa siku moja. Tukapiga picha, tukapongezana, tukarudi nyumbani na tope miguuni. Miezi mitatu baadaye nilipita kuhesabu iliyobaki hai: saba. Iliniuma kiasi kwamba kwa wiki kadhaa nilikuwa nazunguka njia nyingine ili nisikione kile kiwanja.

Ushauri tuliopewa wakati ule unanikera mpaka kesho. Tuliambiwa tupande mingi, kwa kuwa mingine lazima ife. Tuliambiwa tuchimbe mashimo ya kwenda chini sana ili mti ushike vizuri. Tuliambiwa tumwagilie kila siku bila kukosa. Tulitii yote matatu.

Jibu nililipata siku niliyong'oa mche mmoja uliokauka. Nilidhani nitavutana nao. Ukatoka kama kizibo. Mizizi ilikuwa imejiviringisha kufuata umbo la shimo, kana kwamba bado imo kwenye kifuko cha kitaluni. Nikaingiza mkono shimoni: chini kulikuwa na maji yanayonuka mtaro, na kuta zake zilikuwa laini, zinateleza, kama ndani ya chungu. Hapo ndipo nikaelewa. Kiwanja kile kilikanyagwa na kuegeshewa magari miaka mingi, udongo ukashindiliwa hata maji hayana pa kupenya. Sisi tulikuwa tumechimba vyungu 60 ardhini, tukapanda ndani yake, kisha tukavijaza maji kila jioni. Mizizi nayo inahitaji hewa, ikikosa, inaoza. Tena mche uliozidiwa na maji hunyauka vilevile kama wenye kiu, ndiyo maana kila tulipoona majani yanalegea tulikimbilia ndoo.

Nilimpelekea ule mche mzee mmoja wa jirani aliyefanya kazi ya kitalu maisha yake yote. Aliugeuzageuza, akaweka kidole pale shina linapotanuka kuanza mizizi, akaniuliza, "Mwanangu, huu mliupanda au mliuzika?" Pale alipoweka kidole ndiyo shingo ya mche, na inatakiwa iwe sawa na uso wa ardhi. Yetu ilikuwa kiganja kizima chini ya udongo.

Mara ya pili tulipanda 20 tu. Kwanza tulichimba mashimo ya majaribio, tukayajaza maji, tukarudi kesho yake. Palipokuwa bado pana maji hatukupanda. Tulipapasua kwa sururu na mtaimbo, eneo pana, Jumamosi baada ya Jumamosi. Shimo lenyewe tulilipanua mara tatu ya upana wa bonge la mizizi, yaani mizizi pamoja na udongo ulioshikana nayo, lakini kwenda chini halikuzidi kimo cha bonge hilo. Kuta tulizikwaruza ziwe na makovu. Mizizi iliyojizungusha tuliikata, jambo lililowatia wengi hofu, ila kuiacha hivyo ni kuuacha mti ujinyonge wenyewe utakapokua. Udongo uliotoka ndio tuliourudisha, kwa sababu ukilijaza shimo mboji tupu mizizi inastarehe humohumo, haina haja ya kutoka. Samadi na majani makavu vilikaa juu kama matandazo, na yasiguse shina hata kidogo.

Kuhusu maji, chomeka kidole ardhini. Ukikuta unyevunyevu, nenda zako. Ukikuta pakavu, mwaga mengi, taratibu, halafu kaa siku kadhaa.

Upande wa njia nao ulinifundisha. Wenzangu walitaka njia iliyonyooka izunguke ukingoni, kona zote sawasawa. Niliwaomba wiki moja. Kila alfajiri nilinyunyiza vumbi jembamba la mbao kwenye sehemu yenye vipara, na jioni nikaenda kusoma nyayo. Nilichora kila siku kwenye daftari. Siku ya tano picha ilikuwa wazi: watu wanakata kiwanja kwa mshazari, na wakifika katikati wanapinda kama vile wanakwepa kitu. Hakukuwa na kitu. Nilisimama pale nikitazama ardhi tupu, sipati maana, hadi mama mmoja aliyekuwa anapita akaniambia, "Mvua zikija hapo ni bwawa, baba. Miguu imeshazoea."

Basi njia tukaiweka palepale watu wanapopita, pamoja na hilo pindo lake. Mahali pa bwawa tulipachimba kidogo pakawa kama sahani, tukapanda nyasi zinazostahimili kulowa na kukauka, na maji yaliyokuwa yakitiririka barabarani yakaanza kuishia humo. Nusu ya kazi ya mfereji tuliokuwa tumepanga kuuchimba ikawa haina haja tena.

Daftari lile lilionyesha pia kwamba jua likizama wanawake hawapiti kabisa upande wa vichaka. Tulipunguza vichaka vikabaki chini ya kiuno na kukata matawi ya miti mikubwa yaliyoshuka chini ya kichwa, ili mtu akiingia aone hadi ng'ambo. Taa tulizokuwa tunaziomba hazijaja mpaka leo, lakini watu wanapita.

Kibali cha bustani kilisumbua, ila kilipatikana. Ukifuatilia cha kwako, uliza papo hapo mabomba na nyaya za chini zimepita wapi. Michango ya kaya ilitosha miche na sururu. Vifaa vingine tuliazimana.

Jambo lililobadilisha zaidi nililichukua kwa Wangari Maathai, yule mwanamazingira wa Kenya. Alipoanzisha Green Belt Movement, harakati ya kupanda miti, mwaka 1977, akina mama walikuwa wakipewa malipo madogo kwa miche iliyoshika na kuishi. Kuchomeka mche ardhini hakukuhesabika. Sisi hatukuwa na cha kumlipa mtu, lakini tulianza kuhesabu kwa namna hiyo: kila kaya mti wake, na kwenye mkutano swali ni moja, wa kwako u hai? Maneno ya "tumepanda mingapi" tuliyaacha kabisa. Watoto ndio waliokuwa wakali kuliko wote. Kuna binti aliyefunga safari kuja kunigongea mlango kwa sababu mtu ameegemeza baiskeli kwenye mti wao.

Kati ya 20, imesimama 18. Juzi nilikwenda na yule mzee wa kitalu kufungua kamba za vigingi tulivyoishikizia miti, maana mti ukifungwa zaidi ya mwaka hauzoei kujibeba. Ni kule kuyumba kwa upepo kunakonenepesha shina. Ulipofika zamu ya wa mwisho alinizuia, akakata kamba mwenyewe, akausukuma mti kwa kiganja. Ukainama, ukarudi. Akausukuma tena.