Amsterdam mpaka KIA (uwanja wa ndege wa Kilimanjaro) ni masaa mangapi?

Juzi dada karudi kutoka Amsterdam, ndege imetoka kule saa nne asubuhi na inakuja moja kwa moja KIA, kama kilomita 6,900 hivi, masaa nane na nusu. Mama akapiga hesabu akasema basi saa kumi na mbili na nusu jioni yuko hapa, akainjika mtori mapema, nikamwambia mama saa hizi za baridi wale wako nyuma yetu masaa mawili, kwa hiyo ni saa mbili na nusu usiku. Yani basi la Moshi-Dar, kilomita 550 na kitu tu, nalo linakula masaa hayo hayo aisee! Mtori tukaupasha tena, dada akanywa bakuli mbili.