Uzi wenye mafundo matatu

Mama hakunipa karatasi ya vipimo. Alinipa uzi.

Ulikuwa uzi mweupe wa pamba, ule wa kupigia bandi, ameufunga mafundo matatu na kuuzungusha kwenye kipande cha boksi la majani ya chai. Kutoka ncha hadi fundo la kwanza ni mkono. Hadi la pili ni kifua, mzunguko mzima. Hadi la tatu ni urefu, begani mpaka kifundo cha mguu. Nikamwambia aniandikie tu inchi, nitazipiga picha kwa simu. Akasema inchi za kila fundi ni zake, uzi ndio hautaki mkalimani.

Hiyo ilikuwa Oktoba 2019. Nilikuwa naenda Rabat, mji mkuu wa Moroko, kwa mafunzo ya kazi ya siku tatu, nikajiongezea siku nne za kwangu. Mdogo wangu alikuwa anaolewa Desemba, na mama, ambaye kwa miaka thelathini ameshona nguo za mama wa maharusi wa watu pale barazani kwetu Kibokoni, Mombasa, alikuwa amekata shauri kwamba usiku wa kupamba wa mwanawe hatavaa nguo iliyopita kwenye cherehani yake. Alitaka kaftani ya Moroko. Aliiona kwenye simu ya jirani.

"Na kabla hujauliza bei, igeuze," aliniambia mlangoni, begi liko kichwani kwa mbebaji. "Nje kila mtu hupamba. Ndani ndiko fundi anakolala."

"Naam, mama."

Rabat sikununua kitu. Niliingia duka moja la vioo, nguo zimevalishwa masanamu yasiyo na vichwa, kiyoyozi kinapuliza, bei zimebandikwa na hazigusiki. Kulikuwa na takshita, vazi lao la arusi la nguo mbili, moja juu ya nyingine, na mkanda mpana kiunoni: dirhamu 4,500. Dirhamu wakati ule ilikuwa shilingi kumi na kidogo za kwetu. Hata hivyo nikashika pindo nikaligeuza. Msichana wa dukani akanitazama kama nimemfunua mgeni wake nguo. Bitana ilikuwa safi, imetulia kama karatasi. Nikairudisha taratibu, nikasema shukran, nikatoka.

Kesho yake nikapanda treni kwenda Fes. Ilikuwa Alhamisi, na yule mzee wa nyumba niliyofikia alinionya mapema: la kununua linunuliwe leo, kesho Ijumaa mji wa kale wote ni makufuli. Na Jumamosi alfajiri mimi natakiwa kwenye treni. Basi nilikuwa na mchana mmoja.

Mji wa kale wa Fes hauingii gari. Unaingilia lango la Bab Boujloud, upande wa nje buluu, upande wa ndani kijani, halafu njia inakuteremsha yenyewe, nyembamba kama vichochoro vya Mji wa Kale wetu ila hii haiishi. Nyuma yako mtu anapiga kelele "balak! balak!" na kabla hujauliza maana yake punda mwenye shehena ya ngozi amekubana ukutani. Mara moja inatosha kujifunza neno.

Duka la kwanza lilikuwa la mitandio. Kijana akanifunulia mmoja wa rangi ya chungwa, unateleza, unang'aa, akaniambia ni hariri ya mimea, inatoka kwenye majani ya mkonge wa jangwani. Sabra, wanaiita. Na ili nisimtilie shaka akachomoa kibiriti cha gesi, akavuta uzi kwenye matamvua, akauchoma. "Unaona? Si plastiki!" Kweli haikuwa plastiki. Ingekuwa plastiki ingeyeyuka ikaganda kijidonge. Lakini mimi nimekua chini ya meza ya fundi, na mama alikuwa akitufanyisha mchezo wa kuchoma nyuzi kama watoto wengine wanavyocheza kode. Hariri ikiungua hunuka nywele. Huu uliungua haraka, ukanuka karatasi, ukaacha jivu laini la kijivu. Hiyo ni rayoni, kitambaa kizuri tu, hakina kosa, kosa ni kuuzwa kwa jina la mwingine. Nikaununua, kwa bei ya rayoni. Nilijiona mjanja sana, na nadhani hapo ndipo nilipoanza kuharibikiwa.

Maana kulikuwa na jambo jingine lililonipa kichwa. Nilikuwa nimegundua kwamba tarakimu zao nazijua. Moja mpaka tano ni zao wenyewe, lakini sita, saba, tisa, kisha ishirini, thelathini, arobaini mpaka tisini na mia, wenzetu wanahesabu kama sisi, wanameza tu irabu. "Ghali" ni ghali. Rahisi wanasema "rkhis", ukisikiliza vizuri unamkuta ndugu yako. Nikiwa nimejitanda ushungi wangu na salamu nimeitoa kwa makhraji yote ya chuoni, mimi huyo, nikawa nakatiza madukani natamka "tlatin, arb'in, khamsin" kama mzaliwa.

Nikafika Kissaria, lile soko lenye paa karibu na zawiya ya Moulay Idriss, maduka madogo ya nguo yamebanana, mengine mwenye duka akinyoosha mkono anagusa kuta zote mbili. Hapo kaftani zimening'inia mpaka darini. Nyingi zilikuwa za mahameli, mizito, ya majira yao ya baridi. Nikamfikiria mama Desemba ya Mombasa ndani ya mahameli, nikacheka peke yangu. Halafu nikaiona moja ya krepi, zambarau iliyokoza, nyepesi, mbele ina utepe wa kusukwa wanaouita sfifa kutoka kooni hadi chini, na juu ya utepe safu ya vifungo vidogo vya uzi, vimejipanga kama punje za hindi.

"Bshhal?" nikauliza. Kiasi gani.

Mwenye duka, mtu mzima mwenye ndevu nyeupe, akaniambia kwa utulivu: "Ishrin alf."

Ishirini alfu. Elfu ishirini! Nilipiga hesabu pale pale nikapata laki mbili na ushei za Kenya. Nikaiachia ile kaftani kama imenishika moto. Mzee akashangaa. Akasema tena polepole, akaongeza neno ili kunisaidia: "Riyal. Riyal!" Hapo ndipo aliponimaliza kabisa, kwa sababu riyali ninayoijua mimi ni ya Omani, anayotutumia shangazi kutoka Muscat, na hiyo moja tu ilizidi shilingi mia mbili na hamsini.

Aliyeniokoa ni mama mmoja mteja, mnene, jilaba ya kijivu, amebeba kikapu cha mnanaa. Akanishika mkono, akatoa sarafu ya dirhamu moja kwenye pochi akaiweka kiganjani mwangu, kisha akanifunulia vidole vyake vyote kumi mara mbili. Ishirini. Dirhamu moja riyali ishirini. Watu wa Fes, kumbe, bado wanahesabu kwa riyali ambazo hazipo mfukoni mwa mtu yeyote. Zimebaki mdomoni tu. Elfu ishirini yangu ilikuwa dirhamu 1,000. Mzee alinitajia bei ya kienyeji kwa sababu nilimwingilia kienyeji. Ningeuliza kwa Kiingereza kibovu kama watalii wenzangu, angenitajia dirhamu bila ya kunitoa jasho.

Basi tukaanza. Mimi nikatia 500, mzee akashika kichwa. Akateremka 950, nikapanda 600, akaagiza chai, nikanywa, tamu ya kuunganisha meno. Akanionyesha vifungo, akaniambia vinafungwa na wanawake wa Sefrou, mji mdogo kusini ya Fes, kimoja kimoja, kwa sindano. Tukafika 850 na mkono wangu ulikuwa tayari ndani ya pochi.

Yule mama wa mnanaa hakuwa ameondoka. Aliweka kikapu chini, akaichukua kaftani mezani bila kuniomba ruhusa wala kumwomba mwenye duka, akaigeuza ndani nje kwa mkupuo mmoja, kama mtu anayechuna sungura.

Nikaona haya usoni mpaka masikioni. Nilikuwa nimepatana bei kwa nusu saa nzima na sijaigeuza.

Ndani, sehemu ya kifuani ilikuwa kazi ya mkono, mshono mdogo, umejificha. Kuanzia magotini kushuka ilikuwa mashine, na si mashine ya mtu mwenye haya: ncha za kitambaa hazijafungwa, nyuzi zinaning'inia, utepe umepigwa juu juu. Aliyeanza hakuwa aliyemaliza. Yule mama akamwekea mzee kidole pale, hakusema neno. Mzee akatazama dari. Ikawa 700.

Nikatoa uzi wa mama nikaulaza juu ya nguo. Kifua sawa. Mkono sawa. Urefu ulizidi fundo la tatu kwa shubiri nzima.

Nikauliza fundi yuko wapi. Wakaniambia niende kwa maalim. Kwetu maalim ni wa chuoni, wa fimbo na msahafu, kwa hiyo mtoto wa dukani aliponipandisha ngazi za giza nilijiandaa kusalimia wanafunzi. Kumbe kule fundi aliyeiva ndiye maalim. Na kijana anayejifunza kwake anaitwa mt'allem, neno lile lile ambalo sisi tumelichukua tukampa bingwa aliyebobea. Mtaalamu wa Fes alikuwa mtoto wa miaka kumi na mitano hivi mwenye kamasi.

Chumba kilikuwa na dirisha moja. Maalim ameketi juu ya mto, mguu mmoja ameukunja, nguo imebanwa kwenye goti. Kijana alisimama mbele yake, hatua mbili hivi, nyuzi zimetoka kwenye nguo mpaka vidoleni mwake. Fundi anachoma sindano mara moja, kijana anapishanisha mikono, nyuzi zinabadilishana nafasi, fundi anachoma tena. Hawasemezani. Kila mkupuo unaacha kisuko chembamba juu ya mshono. Niliketi kwenye gunia la vitambaa nikatazama mpaka nikasahau shida iliyonileta, na nikatamani mama ndiye awe ameketi pale, mimi nimebaki Mombasa kuosha vyombo vya arusi.

Shida ilikuwa hii: pindo la kaftani huwezi kulikata tu ukalikunja, kwa sababu utepe na vifungo vinashuka mpaka mwisho. Maalim aliigeuza (naye pia, kabla ya kuitazama nje), akaguna alipofika magotini. Kisha akachukua wembe akaanza kufumua. Hakufumua shubiri moja niliyoiomba. Alifumua kila kilichopigwa na mashine, kuanzia magotini, akaking'oa chote. Nikamwambia kwa ishara kwamba sina hela ya kazi hiyo, nina treni. Akaendelea. Uzi wa mama alikuwa ameutundika msumarini, kila baada ya muda anaushusha, anaupima, anaurudisha.

Nilienda kuswali magharibi nikarudi. Nilienda kula nikarudi. Isha ikaadhiniwa, mt'allem bado amesimama na nyuzi zake vidoleni. Karibu saa tatu usiku maalim akakata uzi kwa meno, akaikung'uta, akanipa. Aliomba dirhamu 80. Nilimpa 100 na nikaona aibu ya pili siku ile. Vifungo vilivyobaki kwenye kipande alichokata, saba, alivikunjia kwenye gazeti, akanitilia juu. Uzi wa mama niliusahau msumarini.

Nyumbani mama hakuisifu rangi. Aliipokea mikunjo ikiwa bado haijafunguka, akaigeuza, akapitisha kidole gumba kutoka kooni kushuka, amefumba macho. Kifuani alinyamaza. Kwenye magoti kidole kikasimama, kikarudi juu, kikashuka tena.

"Hawa ni watu wawili," akasema. "Huyu wa chini amemshinda wa juu."

"Ni wawili, mama."

"Na uzi wangu uko wapi?"

Nikamweleza. Akacheka, akauliza ule msumari ulikuwa upande wa dirisha au wa mlango, kama kwamba jibu litamsaidia kitu.

Usiku wa kupamba aliivaa, na kila aliyeishika mkono wa nguo akiuliza bei alijibiwa "elfu ishirini", kisha mama anatulia anamwangalia mtu uso unavyobadilika. Nilijuta kumsimulia.

Arusi ilipopita akanitaka vile vifungo saba. Akaketi barazani, miwani puani, akachukua kimoja akakifumua kwa ncha ya sindano, pole pole, uzi mmoja baada ya mwingine, mpaka kikabaki kamba iliyojikunja juu ya kanga yake. Siku ya pili akafumua kingine. Kwenye cha tatu alianza kukifuatisha kwa uzi wake mwenyewe. Kikatoka kimepinda, kichwa kikubwa, shina jembamba, karafuu tupu. Akakitazama, akakitupia kwenye mkebe wa biskuti, akavuta uzi mwingine.