Kamera ya korido: nilivyoiweka bila kukosana na majirani

Vilianza kupotea viatu, vikafuata vifurushi vinavyoachwa mlangoni, kisha usiku mmoja mtu akajaribu kitasa changu. Nilikisikia kikizungushwa taratibu, mtoto amelala chumba cha mbele. Asubuhi yake niliamua kwamba lazima nijue nani anapita pale nje. Tatizo ni kwamba korido si yangu. Kodi ninayolipa ni ya vyumba vilivyo nyuma ya mlango. Ukishavuka kizingiti uko kwenye njia ya wote, na kuta zake ni za mwenye nyumba. Ndiyo maana kufunga kamera kwenyewe kulikuwa kazi nyepesi kuliko yote yaliyotangulia.

Nilianza na majirani kabla ya mwenye nyumba, na ningeshauri mpangaji yeyote afuate mpangilio huo. Mwenye nyumba akikuruhusu kwanza, majirani wanaletewa jambo lililokwisha kuamuliwa, na hapo hata asiye na pingamizi hununa. Wengi kwenye ghorofa yetu walikubali palepale, kwa kuwa nao walikuwa wameibiwa. Aliyenipa kazi ya kufikiri ni mama mmoja mtu mzima ambaye mlango wake unatazamana na wangu.

"Mwanangu, wezi hata mimi nawachukia," aliniambia. "Lakini kila nikifungua mlango wangu, niwe kwenye simu yako?"

Sikuwa na jibu la haraka, na nashukuru sikujaribu kulitunga. Kamera inayotazama mlango wa mtu inajua saa anayotoka kazini, siku asiyolala nyumbani, wageni wake, dawa anazoletewa, hata sebule yake mlango ukiwa wazi. Kumbukumbu hizo zikiangukia mikononi mwa mwizi, zinamwambia nyumba ipi iko tupu na kwa muda gani. Nilimwahidi kwamba mlango wake hautaonekana, na kuanzia hapo ahadi hiyo ndiyo iliyoamua ninunue kamera gani na niifunge wapi.

Kwa hiyo kamera ya tundu la mlango niliiacha. Wapangaji wengi huipenda kwa sababu inaingia kwenye tundu lililopo tayari na haihitaji kutoboa ukuta. Lakini katika korido yenye milango inayotazamana, hiyo ndiyo mbaya kuliko zote, maana inaelekea moja kwa moja kwa jirani. Kengele ya mlangoni yenye kamera ni vivyo hivyo. Nilichagua kamera ndogo ya kufunga juu, pembeni mwa fremu ya mlango wangu, ikitazama chini na kuambaa na ukuta wa upande wangu kuelekea ngazi. Kabla ya kutoboa chochote nilishika simu mahali pale pale nikapiga picha, nikizingatia kwamba lenzi ya kamera ya ulinzi huona kwa upana zaidi ya simu; nyingi hufika nyuzi 110 na zaidi. Kona ya mlango wa yule mama bado ingeingia. Hapo nikatafuta kamera yenye uwezo wa kuziba sehemu ya picha kwa kisanduku cheusi. Ukinunua, uliza kama sehemu iliyozibwa inazibwa hadi kwenye rekodi yenyewe, au inafichwa tu machoni pako unapotazama. Tofauti hiyo ni kubwa, na kwenye maboksi haiandikwi wazi.

Baada ya kuifunga nilimwita mama akasimama mlangoni pake, nikampa simu aangalie mwenyewe. Aliona korido, zulia langu na weusi mahali ulipo mlango wake. Akaniambia nisogeze ule weusi kidogo ufunike na sehemu anapoweka fimbo yake. Nikausogeza.

Sauti niliizima tangu mwanzo. Watu hudhani picha ndiyo nyeti, kumbe maneno ni nyeti zaidi: mtu anaweza kupita mbali na lenzi, mazungumzo yake yakanaswa vilevile. Katika shauri la majirani lililoamuliwa Oxford, Uingereza, mwaka 2021, jaji aliona kwamba kunasa sauti kwa vifaa vya aina hii kulikuwa tatizo kubwa kuliko hata picha, kwa kuwa vilifikia mazungumzo ya watu waliokuwa mbali na wasiojua kuwa wanarekodiwa. Na katika korido watu huzungumza kwa simu, hugombana, huagana. Hayo hayanihusu.

Mwenye nyumba nilimwandikia barua, nikaambatisha mchoro wa korido. Nilieleza kamera itakaa wapi, itaona nini, kwamba haina sauti, kwamba rekodi zinafutika baada ya siku 7, na kwamba nikihama nitaing'oa na kuziba matundu. Mkataba wetu unakataza kutoboa kuta bila ruhusa ya maandishi, kwa hiyo "sawa tu" ya mdomo nisingeikubali. Aliuliza kama ni lazima kila mkazi atie saini. Jibu linategemea sheria za kila nchi, lakini nilimweleza shauri moja lililonisaidia mimi mwenyewe kupima haki yangu. Desemba 2019 Mahakama ya Haki ya Umoja wa Ulaya iliamua suala lililotoka Romania, ambako mkazi alipinga kamera zilizowekwa kwenye sehemu za pamoja za jengo lake. Mahakama ilisema kamera zinaweza kuwekwa hata bila ridhaa ya wakazi, mradi kuna haja halali ya kulinda watu na mali, na njia nyepesi zaidi hazitoshi. Jengo lile lilikuwa limeshafunga mfumo wa kuingilia kwa kadi na wizi haukukoma.

Mwenye nyumba aliposikia habari ya njia nyepesi alinyamaza kidogo, kisha akakubali kwamba taa ya ngazini ilikuwa imekufa muda mrefu na mlango mkuu haujifungi. Vyote viwili vilitengenezwa kabla kamera yangu haijawashwa. Ninaamini ile taa peke yake ilifukuza watu kadhaa.

Upande wa ufundi una mambo ambayo ni afadhali uyajue mapema. Kamera ikikaa karibu sana na ukuta mweupe, miale yake ya infraredi (mwanga usioonekana kwa macho, unaoiwezesha kuona gizani) usiku hurudi kwenye lenzi, na picha yote inakuwa ukungu. Isogeze mbele kidogo au igeuze. Kihisi cha joto la mwili kilicho ndani ya kamera hutambua vizuri mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayekijia moja kwa moja, na katika korido watu huja moja kwa moja, kwa hiyo kuipa kamera pembe ya ubavuni kunasaidia. Eneo la kutoa arifa nililibana likawa zulia langu tu, la sivyo simu ingelia kwa kila mpita njia na betri ingekwisha upesi. Mlango wangu ni wa chuma na unazuia waifai, nikalazimika kusogeza ruta. Mawimbi ya waifai ya GHz 2.4 hupenya kuta vizuri kuliko ya GHz 5. Kadi ya kumbukumbu iliyo ndani ya kamera huondoka na mwizi akiibeba kamera, hivyo nilihakikisha nakala inahifadhiwa kwingine. Nenosiri la kiwandani nililibadilisha kabla ya jambo lolote, nikawasha na uthibitisho wa hatua mbili, yaani nenosiri peke yake halitoshi kuingia. Mwaka 2016 programu hasidi iliyoitwa Mirai iliteka kamera na vifaa vingine vingi vya intaneti duniani kwa kujaribu tu manenosiri ya kiwandani.

Mtihani wenyewe haukuletwa na mwizi. Jirani mmoja, mtu mpole tu, alinigongea jioni akaomba nimwonyeshe picha za usiku uliopita. Alitaka kujua nani alikuja kwake yeye akiwa safarini.

"Kuna kitu kimeibiwa?" nikamuuliza.

"Hapana. Nataka tu kujua."

Nilimwambia siwezi. Alikasirika, akasema basi kamera ina faida gani. Nilimtolea karatasi tuliyoisaini sote, yeye akiwemo: picha zinafunguliwa kwa wizi, uharibifu au shambulio, na zinapelekwa kwa mwenye nyumba au polisi, si kwenye kundi la simu la wapangaji. Bila karatasi ile ningekuwa mtu mbaya aliyemnyima rafiki, au, vibaya zaidi, ningemwonyesha na kuingia katika ndoa ya watu. Hatukusalimiana kwa muda. Mkewe hajui hadi leo kwamba suala hilo lilifika mlangoni kwangu, nami sikumwambia.

Kifurushi kilipopotea tena, rekodi ilionyesha mtu asiyekaa kwetu akipanda ngazi nyuma ya mkazi aliyemwachia mlango mkuu wazi. Nilikata kipande hicho tu nikakikabidhi polisi, na mwenye nyumba akapata nakala. Kifurushi hakikurudi, ila wakazi waliacha kumshikia mlango mtu wasiyemjua.

Sasa mwenye nyumba anataka kuweka kamera zake kwenye lango na ngazi. Tumemwomba atueleze kwa maandishi nani ataziangalia, rekodi zitakaa muda gani, na tangazo lenye namba ya mhusika libandikwe mahali kila anayeingia atalisoma. Zikianza kufanya kazi, yangu nitaishusha.