Risiti mbili, namba moja

Nimetoka soko la Kibuye sasa hivi. Moyo bado unanidunda.

Wiki hii nimekuwa nikihamisha skripti (programu ndogo) za risiti za chama cha akina mama wauza samaki, kutoka lugha ya programu ya PHP kwenda ya JavaScript. Kule PHP, namba ya risiti ilitoka kwa uniqid(): herufi na tarakimu 13 zinazotokana na saa ya kompyuta, hadi maikrosekunde.

JavaScript haina hiyo. Nikaweka Date.now(), inayosoma saa ya kompyuta, nikaigeuza heksadesimali (namba za msingi wa 16), nikaendelea.

Lakini Date.now() huhesabu milisekunde, na milisekunde 1 ina maikrosekunde 1,000. Leo asubuhi skripti ilitoa risiti zote kwa mkupuo, na mbili zilizoangukia milisekunde moja zikapata namba moja.

"Mwanangu, hii pesa ni yangu ama ni ya huyu?"

Mama mmoja alinipa simu yake yenye risiti, mwenzake akaweka ya kwake kando. Namba ile ile, herufi kwa herufi. Hakunigombeza. Alisimama tu, magamba ya samaki yakimeta vidoleni, akingoja nimjibu.

Ule utulivu wake ndio ulioniuma.

Nimeketi papo hapo juu ya kreti, nikaweka crypto.randomUUID(): herufi 36, biti 122 (sifuri au moja) za kubahatisha, wala haitegemei saa. Nimepanua safu ya namba kwenye hifadhidata, zinakotunzwa risiti, ili namba ndefu itoshee, na kuifunga isikubali namba ikijirudia. Hilo la mwisho lilipaswa kuwepo tangu mwanzo.

Mama wote wawili wameshapata risiti zao.

Ninyi mnaohamisha skripti, namba hizi mnazitengeneza vipi? Niambieni hapa chini, nasoma zote usiku huu.